Siku Niliyokumbuka Kufunga Gari

Nimeambiwa kuna watu siku hizi wanalifungua gazeti hili kwenye ukurasa huu kwanza, wajue Karisa kaharibu nini wiki hii, ndipo warudi mbele kusoma habari za serikali. Siwalaumu. Na mimi ningefanya hivyo kama Karisa angekuwa mtu mwingine.

Kwa waliochelewa: mimi ni dereva wa Mzee Abdulghafur, mwenye duka la vitambaa karibu na Marikiti. Miaka kumi na miwili nilimwendeshea pikapu ambayo mlango wake ulifungwa kwa teke na kufunguliwa kwa dua. Mwaka huu wa tisini na sita mwanawe Faiz, aliye Dubai, akamletea gari jeupe la saluni linalofungwa kwa rimoti. Hakuna kutia ufunguo mlangoni. Unabonyeza kidude cheusi, kadiri ya kiberiti, gari linalia tii mara moja: limefunga. Unabonyeza tena, linalia tii tii: limefunguka.

Watu wakaniambia, Karisa umeneemeka. Sikuneemeka. Zamani mkono ulishika ufunguo, na ufunguo ukaukumbusha mkono kazi yake. Sasa naubamiza mlango, naondoka, mkono mtupu na kichwa kitupu.

Mara ya kwanza nilisahau Bondeni. Mzee alitoka msikitini, akafungua mlango wa nyuma, akamkuta mtu asiyemjua amelala kitini. Mtu huyo akamwomba aufunge mlango, jua lilikuwa likimwingia machoni.

Mara ya pili ni Kibarani, wiki jana mlisoma. Mwizi alichukua kofia ya viua ya mzee, akauacha mlango wazi, kunguru wa jaani wakaingia wakakaa kama abiria. Harufu ilitoka baada ya siku nne. Manyoya tunayaokota mpaka leo.

Mzee Abdulghafur ni mtu asiyepandisha sauti. Aliniita dukani, akawa anakunja kitambaa huku akizungumza.

“Karisa, mara ya tatu hutanisikia nikisema neno. Utaweka ufunguo na rimoti hapa mezani, utakwenda zako, na mimi nitakuombea heri.”

“Nimesikia, mzee.”

“Si kusikia. Kufunga.”

Nyumbani nina mtoto wa wiki tatu. Nilipomweleza mke wangu, Purity, hakusema mengi. Alichomoa uzi kwenye kiatu changu cha Jumapili, akaifunga rimoti, akanitundikia shingoni kama hirizi.

“Ukishuka, shika kifua,” akaniambia. “Ukirudi hapa bila kazi, mtoto utamnyonyesha wewe.”

Basi Jumamosi ikafika.

Saa tano na nusu mzee akanipa furushi la vitambaa nilipeleke kwa fundi wa nguo Kibokoni.

“Halafu uje unichukue saa saba kamili,” akasema. “Nina mwaliko.”

“Wapi, mzee?”

“Utajua tukishaingia garini.”

Kibokoni, kama mnavyojua, gari haliendi mpaka mlangoni kwa mtu. Nililiegesha pembeni, pale kichochoro kinapoanzia, mbele ya nyumba iliyokuwa ikinukia biriani mpaka macho yakaingia maji. Nikalibeba furushi kwa mikono miwili. Mlango nikausukuma kwa kiuno. Nikaenda.

Fundi ni mtu wa salamu ndefu. Aliniuliza hali yangu, ya mke, ya mtoto, ya mzee, ya Faiz, ya hewa ya Dubai. Nilikuwa nimefika kwenye hewa ya Dubai mkono wangu ulipogusa kifua.

Rimoti ilikuwepo. Lakini sikukumbuka kuibonyeza.

Sikuaga. Nilikimbia kichochoro kizima, nikawapita wazee wawili waliokuwa wakinywa kahawa, mmoja akauliza moto uko wapi. Nilipotokeza pembeni nikaliona gari. Lipo. Magurudumu manne. Redio mahali pake. Nikashusha pumzi.

Kisha nikaona limekaa chini upande wa nyuma, kama gari lililobeba saruji.

Na kwenye kiti cha nyuma, katikati kabisa, palikuwa na bibi mnene wa buibui, bakuli la achari amelipakata.

“Asalaam alaykum,” nikasema, maana sikujua la kumwambia mtu niliyemkuta garini mwangu.

“Waalaykum salaam. Umechelewa.”

“Bibi, nadhani umekosea gari.”

“Sikukosea. Kamaludin aliniambia gari nyeupe, itakuwa hapa pembeni, mlango haukufungwa. Hii si nyeupe?”

“Ni nyeupe.”

“Mlango ulikuwa umefungwa?”

Nikaitazama rimoti kifuani.

“Basi tia moto twende.”

“Bibi, mimi simjui Kamaludin.”

“Ni mpwa wangu. Weye si dereva wake?”

“Mimi ni dereva wa Mzee Abdulghafur.”

“Basi mwambie Mzee Abdulghafur, Bi Sheikha amemshukuru.”

Aliposema jina lake nikarudi hatua moja nyuma. Bi Sheikha ndiye mpishi wa arusi ambaye watu wa Mji wa Kale humwekea siku kwanza, ndipo wakamtafute bwana arusi. Akikasirika katikati ya kazi, anafunika sufuria na kwenda kwao, na arusi ile huzungumzwa miaka.

“Bi Sheikha, nakuomba ushuke. Natakiwa kumchukua mzee saa saba.”

“Mwanangu, miye n'na magoti. Kunipandisha hapa walitumika watu watatu, na wamekwenda zao. Weye unao watu watatu?”

“Sina.”

“Basi tusipoteze wakati. Na buti usilifungue ovyo. Mna sufuria mbili, moja ya wali, moja ya masala. Walima wa arusi, Majengo, nyumbani kwa Bwana Faraj. Watu wakitoka kuswali adhuhuri wakute sinia ziko tayari.”

Nilitazama saa. Ilikuwa saa sita na robo. Majengo si mbali. Kwenda dakika kumi, kushusha dakika tano, kurudi dakika kumi, na mzee asingejua kitu. Ndivyo nilivyopiga hesabu. Kila balaa langu limeanza hivyo, nikiwa na hesabu nzuri.

Nikawasha gari.

Tulipofika barabara kubwa Bi Sheikha akauliza: “Hii baridi yatoka wapi?”

“Ni mashine ya gari, bibi.”

“Iwache hivyo hivyo. Tangu alfajiri niko mbele ya moto.” Kisha, nilipokanyaga mafuta kidogo: “Taratibu. Ukiitikisa, wali utavunjika.”

Nikapunguza. Tukapita shimo dogo.

“Nimesema taratibu. Kila punje nimeipika imesimama peke yake. Wataka nifike na uji?”

Nikapunguza tena. Karibu na Mwembe Tayari mkokoteni wa maji ulitupita, na mwenye mkokoteni akageuka kutuangalia kwa huruma. Dakika zangu kumi zikawa thelathini na tano. Nilikuwa nikitokwa na jasho ndani ya ile baridi, huku Bi Sheikha akinieleza arusi zote zilizoharibika kwa sababu ya madereva.

Kwa Bwana Faraj palikuwa pamefungwa turubai kutoka ukuta hadi ukuta, mikeka imetandikwa, na wanaume kama arubaini wamekaa makundi makundi, kimya, kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani. Walipoona gari jeupe wakainuka wote.

Bwana Faraj, babake bwana arusi, alikuja mbio amevaa kanzu na miwani imemteleza puani.

“Bi Sheikha, tulikwisha kukata tamaa.”

“Mlaumu dereva,” akasema Bi Sheikha. “Toeni sufuria. Miye sishuki mpaka hii baridi iniingie mifupani.”

“Bibi, mimi naondoka sasa hivi,” nikamwambia.

“Utaondoka na sufuria zangu zikiwa ndani? Kwanza shusheni.”

Kwa hiyo injini nikaiacha ikinguruma, ufunguo mahali pake, baridi ikimpuliza. Nikafungua buti. Wakaja wanaume watatu, wakazishusha sufuria zote mbili chini. Sufuria ya masala wakaibeba wawili. Ya wali ilitaka wawili, akabaki mmoja, naye akanitazama.

Na hapa, ndugu msomaji, ndipo lilipotokea jambo ambalo sijawahi kulifanya katika maisha yangu na gari lile. Kabla sijashika mkono wa sufuria, nilifunga buti, nikahakikisha milango, nikashika kifua, nikabonyeza.

Tii.

Nilisimama pale nikatabasamu. Karisa kafunga gari. Bila kuambiwa, bila kukumbushwa. Nilitamani Purity angekuwepo anione. Niliibeba ile sufuria kama haina uzito, nikaingia nayo uani.

Uani sinia nane zilikuwa zimepangwa juu ya meza. Bwana Faraj akaniomba nisaidie kuiinamisha sufuria ili wali umiminike vizuri, maana mpishi wa kupakua alikuwa Bi Sheikha mwenyewe na yeye yuko kwenye baridi. Nikakunja mikono, nikainama. Mvuke ukanipiga usoni, nikafumba macho. Tukamimina sinia ya kwanza, ya pili, mpaka ya nane. Masala yakawekwa juu, na viazi, na nyama, na vitunguu vya kukaanga. Zikatolewa nje zote kwa pamoja.

Hapo ndipo gari likaanza kulia.

Si tii. Ule mlio mwingine, wa kuita mtaa mzima, unaopanda na kushuka kama gari la zimamoto. Faiz alinieleza siku alipolileta: ukifunga, na kitu kikitikisika ndani, linalia. Nami ndani nilimfungia mpishi.

Nikashika kifua. Nikashika tena. Palikuwa na kifua tu. Uzi wa kiatu cha Jumapili ulikuwa umekatika.

Nilitoka mbio. Watu walikuwa wamekwisha kulizunguka gari. Bi Sheikha alikuwa ndani, ametulia, vioo vimepandishwa. Alipotulia mlio ulikoma. Alipoinua mkono kuchukua kipande cha embe kwenye achari, ukaanza tena. Akaurudisha mkono. Ukakoma.

“Nani aliyemfungia Bi Sheikha?” akauliza bwana mmoja.

“Ni mimi.”

“Kwa nini?”

“Nilikumbuka,” nikasema.

Hakuna aliyenielewa.

Niliuendea mlango. Ufunguo nilikuwa nauona kwa macho yangu, unaning'inia, nao uko ndani. Nikamwonyesha Bi Sheikha kwa vidole kile kijiti kidogo kilicho pembeni mwa dirisha, kwamba akivute juu. Akanitazama. Nikarudia, nikivuta hewa juu kwa vidole viwili. Akakunja uso, akamgeukia yule bwana aliyeniuliza, aliyekuwa kwenye dirisha la pili, na ingawa kioo kilikuwa kimefungwa tulimsikia vizuri.

“Mwambieni aache kunifanyia ishara.”

“Avute kijiti,” nikamwambia bwana yule. “Mwambie avute kile kijiti.”

“Bi Sheikha, vuta kijiti.”

“Sigusi mashine ya watu. Iliyofunga ndiyo itakayofungua.”

Bwana Faraj akaja, sasa miwani ameishika mkononi.

“Dereva, hiyo rimoti iko wapi?”

Hapa nataka niungame. Nilijua iko wapi. Nilijua tangu niliposhika kifua mara ya pili. Lakini watu arubaini walikuwa wamengoja chakula tangu adhuhuri, mwenye nyumba alikuwa amesimama mbele yangu na kanzu yake nyeupe, na ni arusi ya mwanawe. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

“Nadhani nimeiangusha njiani, bwana. Naitafuta.”

“Itafute upesi. Watu wanataka kula.”

“Waambie wale polepole,” nikasema.

Akaniangalia kwa namna ya mtu ambaye hana wakati wa kushangaa.

Nilirudi uani nikakoroga masufuria kwa upawa. Hakuna kitu. Ya wali ilikuwa nyeupe kwa ndani kama imeoshwa. Maana yake kitu kiko nje, kwenye moja ya sinia nane, chini ya wali, na watu watano watano wameshaanza kutia mikono.

Nikasikia kule barabarani: tii tii.

Gari limefunguka. Nikatoka mbio tena, nikaushika mlango.

Tii. Limefunga.

Nikarudi nyuma. Tii tii. Nikaushika. Tii.

Ndipo nikaelewa. Mtu alikuwa anafinyanga tonge. Kila akifinya, gari linafunguka. Kila akifinya tena, linafunga. Vile vijiti vya milango vilikuwa vinapanda na kushuka vyenyewe, vyote vinne, na Bi Sheikha katikati anavitazama, midomo inamchezacheza, nadhani alikuwa anasoma kila aya aijuayo.

Nilikuwa nimesimama hivyo, mkono kwenye mlango, nikilenga kuuvuta baina ya tii na tii, wakati gari jingine jeupe lilipoingia mtaani na kusimama nyuma yangu. Kijana wa miaka thelathini hivi akashuka upande wa dereva, shati limemganda mgongoni.

“Shangazi,” akasema mbele ya kioo. “Nimekutafuta Kibokoni nzima. Nimekuulizia kila duka mpaka Marikiti.”

Huyo alikuwa Kamaludin. Na upande wa pili, taratibu, fimbo kwanza, akashuka Mzee Abdulghafur.

Mwaliko wake ulikuwa wa walima huu. Saa saba ilipompita na dereva wake haonekani, alisimama mlangoni pa duka, na Kamaludin akapita akiuliza kama kuna aliyemwona bibi mnene mwenye sufuria mbili. Wakajikuta wanakwenda mahali pamoja.

Mzee aliliangalia gari. Akamwangalia aliyekaa ndani. Kisha mimi.

“Karisa.”

“Naam, mzee.”

“Hii si gari yangu?”

“Ndiyo, mzee.”

“Na huyu si Bi Sheikha?”

“Ndiye.”

“Umefunga gari?”

Gari likalia: tii.

“Limefungwa, mzee.”

Tii tii.

Mzee akalielekezea gari fimbo.

“Na sasa?”

“Sasa limefunguka.”

Safari hii sikungoja. Niliuvuta mlango wa nyuma, nikauacha wazi kabisa, nikausimamia kwa mguu. Hewa ya moto ikaingia. Bi Sheikha akaniangalia kama mtu aliyeamshwa.

“Funga mlango,” akasema. “Baridi yatoka.”

“Bibi, hushuki?”

“Nishuke na magoti haya, kwenye jua hili? Niletee sahani hapa hapa. Na mlango wako uwache bila kufungwa, nimechoka na kengele zako.”

Mzee Abdulghafur alikuwa amesikiliza yote hayo mikono nyuma.

“Tutazungumza nikishakula,” akasema. Akaingia chini ya turubai, na Bwana Faraj akamkaribisha kwenye sinia yake mwenyewe, iliyo karibu na nguzo. Kamaludin naye akaenda kukaa, njaa imemshinda. Mimi nikaurudisha mlango wa Bi Sheikha, nikaingia ndani kuitafuta kazi yangu.

Nilichukua birika na beseni la kunawia. Mtu mwenye birika anaweza kuinama kwenye sinia yoyote na asiulizwe. Nikaanza ya kwanza, nikiwatazama vidole kuliko nyuso. Mtu anafinya tonge, nasikiliza barabarani. Kimya. Anafinya mwingine. Kimya. Mzee mmoja akaniambia ameshanawa, mbona nammwagia maji kwenye wali.

Ya pili, kimya. Ya tatu, bwana mmoja akachimba sana upande wake, nikashikilia pumzi, akatoa kiazi.

Nilipofika ya tano nikasikia tii. Nikageuza kichwa haraka. Aliyekuwa amefinya wakati ule ni mtu wa kwenye sinia ya nguzo. Tii tii. Ni ya nguzo tena. Watu watano: Bwana Faraj, maimamu wawili, Kamaludin, na Mzee Abdulghafur.

Tonge lililokuwa linapanda lilikuwa la Mzee Abdulghafur.

Sijui nilifikaje. Birika nililiacha hewani, likaangukia kwingine. Nikapiga magoti mkekani mbele yake.

“Mzee, nakuomba usitafune.”

Mdomo ulikuwa umefunga. Akanitazama, mashavu yamejaa.

“Nakuomba kwanza usitafune.”

Tukasikia kitu kikisema ka. Na kule barabarani gari likaitikia.

Mzee Abdulghafur alichukua leso mfukoni, akaifungua, akainama, akatoa kitu kinywani bila haraka. Akakifuta masala upande mmoja, kisha upande wa pili. Akapitisha ulimi kwenye meno yake, moja moja, mpaka akaridhika kuwa yote yapo. Halafu akaiweka rimoti juu ya leso, katikati ya watu, na uzi wa kiatu bado umefungwa.

“Karisa,” akasema. “Hiki nilikupa wewe.”

Nikasema. Sikuweza tena kushikilia. Nilisema mbele ya maimamu, na mbele ya mwenye nyumba niliyemdanganya, na mbele ya watu arubaini wenye mikono ya biriani. Nikasema Kibokoni niliusukuma mlango kwa kiuno. Nikasema sikubonyeza. Nikasema Bi Sheikha hakukosea gari, mimi ndiye niliyeliacha liwe gari la yeyote. Nikasema rimoti nilijua iko kwenye wali na nikamwambia Bwana Faraj nimeiangusha njiani. Nikasema nina mtoto wa wiki tatu, kisha nikajuta kulisema hilo, maana lilikuwa kweli lakini halikuwa na kazi pale.

Hakuna aliyetikisika isipokuwa bwana mmoja nyuma aliyekuwa bado anatafuna.

Bwana Faraj ndiye aliyeanza. Mabega yalimtikisika, akafunika uso kwa mkono wa kushoto. Nilidhani analia. Kisha imamu wa kulia kwake naye akashikwa, na kicheko kikazunguka mikeka yote mpaka mtu mmoja akapaliwa na wali ikabidi apigwe mgongo.

Mzee Abdulghafur hakucheka. Lakini pembe ya mdomo wake ilifanya kazi kubwa.

“Ni mara ya tatu,” akasema.

“Ndiyo, mzee.”

“Nilisema mara ya tatu utaniwekea nini mezani?”

“Ufunguo na rimoti.”

“Rimoti hii hapa. Ufunguo uko wapi?”

“Uko garini, mzee.”

“Na gari imefungwa?”

Ule mlio wa mwisho, alioutoa kwa meno yake, ulikuwa tii au tii tii? Bwana Faraj akasema alisikia moja. Imamu akasema mbili, tena wazi kabisa. Kamaludin akasema moja na nusu. Mkeka wa pili ukaingia kwenye mjadala, na wa tatu, mpaka mtu akapendekeza mzee aitafune tena tusikie.

Mzee akaichukua rimoti, akaielekeza barabarani, akabonyeza.

Tukatega masikio. Kimya.

Akabonyeza tena. Kimya.

“Imekufa kwa masala,” akasema Bwana Faraj.

“Haikufa,” akasema mzee. Akatuonyesha kitaa chekundu, kidogo kama punje ya ulezi, kinawaka kila akibonyeza.

Nilikuwa wa kwanza kutoka. Mzee alinifuata na fimbo yake, Kamaludin nyuma yake na mkono umejaa wali mpaka kiganjani, na nyuma yao arusi nzima.

Gari la Kamaludin lilikuwepo. Mbele yake barabara ilikuwa tupu mpaka kule inakopinda. Pale nilipoegesha palikuwa na unyevu wa maji yaliyodondoka kutoka kwenye ile mashine ya baridi, bado hayajakauka. Kando ya unyevu ule zilikuwepo kandambili mbili za Bi Sheikha, zimepangwa sambamba, ncha zikielekea mahali mlango wa dereva ulipokuwa, kama za mtu aliyezivua kwa adabu kabla ya kuingia ndani.